Mgonjwa anaulizwa uji

*"Mama yangu ana miaka 58, tupo Ujiji. Mwaka jana aligundulika ana saratani ya mlango wa kizazi, akapelekwa hospitali kubwa nje ya mkoa, akapigwa mionzi, akapata nafuu miezi kadhaa. Sasa imerudi. Daktari ametuambia imeshika kibofu, figo moja imevimba, hakuna la kufanya, tumrudishe nyumbani. Mama mwenyewe hajaambiwa. Kaka yetu wa Dar anataka tuuze shamba la michikichi aliloacha marehemu baba tumpeleke India. Mama mkubwa anasema kuna mganga. Mimi ndiye ninayelala naye. Kila siku saa mbili usiku, tukishaswali isha, nampa tramadoli, analala vizuri, lakini ikifika saa nane anaamka analia mpaka alfajiri. Namwongezea diklofenaki za dukani. Jirani ametaja mofini, ila nasikia ukishapewa hiyo ndiyo umeagwa, tena inamfanya mtu kuwa teja. Anatokwa na uchafu wenye harufu, ameacha kuswali, hataki wageni, hata uji anausukuma. Tumrudishe hospitali au tumwache apumzike?"*

Dada yangu, pole sana, na shikamoo yangu imfikie mama.

Nianze na hiyo saa nane ya usiku, maana ndiyo inayowamaliza nyote wawili, na katika yote uliyoandika ndiyo nyepesi kurekebisha. Unampa tramadoli saa mbili. Dawa hiyo hufanya kazi kwa muda wa saa nne, ikijitahidi sana sita. Hesabu saa sita kutoka saa mbili, unafika saa nane kamili. Dawa imekwisha mwilini na hakuna nyingine iliyoingia kushika zamu. Maumivu ya saratani hayana mchana wala usiku, kwa hiyo dawa yake hufuata saa, haifuati kilio. Ukingoja mgonjwa alie ndipo umpe, kila siku utakuwa nyuma ya maumivu, na maumivu yaliyokwisha kupanda hudai dawa nyingi kuyashusha kuliko ambayo ingetosha kuyazuia. Kanuni hii si yangu. Shirika la Afya Duniani liliitoa mwaka 1986: dawa ya kunywa kila inapowezekana, kwa saa zilizopangwa, na nguvu yake ipande kadiri maumivu yanavyopanda. Kwa maelezo yako, maumivu ya mama yameshaipita tramadoli. Lakini usimwongezee vidonge kwa kukisia, kwa sababu ya hizo figo.

Na hili ni la leo, lisingoje wiki ijayo: diklofenaki iache. Mirija miwili inayoshusha mkojo kutoka kwenye figo inapita ubavuni mwa mlango wa kizazi, mmoja kulia, mmoja kushoto. Uvimbe ukikua hapo unaibana, mkojo unarudi juu, figo inajaa na kuvimba, kama mtaro ulioziba chini maji yakajaa huku juu. Figo iliyo katika hali hiyo inajitetea kwa kuifungua mishipa inayoiletea damu. Diklofenaki na ndugu zake huibana mishipa hiyohiyo. Zaidi ya hapo huchubua tumbo, na mama hali chakula. Parasetamoli anaweza kuendelea nayo kwa saa zilizopangwa, isizidi vidonge vinane vya miligramu 500 kwa siku, na kwa mtu aliyekonda daktari huenda akapunguza hapo.

Sasa lile neno, "hakuna la kufanya." Nimelitamka mimi mwenyewe. Nilikuwa muuguzi mgeni wodini, nikamwambia mzee mmoja kwa upole niliodhani unatosha: mzee wangu, hapa hatuna la kufanya. Akaniangalia, akauliza, "Hata ya kunipunguzia hili lililo mgongoni?" Sikuwa na jibu, maana nilichomaanisha ni kwamba hatuna dawa ya kuung'oa ugonjwa, na mgongo wake sikuwa hata nimeufikiria. Daktari wenu naye nadhani alimaanisha hivyo. Kuiondoa saratani ya mama ni jambo ambalo sitakudanganya kwamba linawezekana. Lakini maumivu, harufu, damu, usingizi, choo, hofu, swala, ugomvi wa ndugu, vyote hivyo vina la kufanya, na kazi hiyo ina jina lake: tiba shufaa. Si wodi ya kungojea kufa. Mwaka 2010 watafiti wa Boston, Marekani, walichapisha matokeo ya wagonjwa wa saratani ya mapafu iliyosambaa. Waliopewa tiba shufaa mapema pamoja na matibabu yao ya kawaida waliishi wastani wa miezi 11.6, na waliopewa matibabu ya kawaida peke yake miezi 8.9. Ni saratani nyingine na nchi nyingine, siahidi hesabu hiyo kwa mama. Naitaja ili mama mkubwa asidhani kumtuliza mgonjwa ni kumsukuma kaburini.

Hapo ndipo mofini inapoingia, na hapa nitakaa kidogo.

Imani kwamba mofini ni ya kuagia ina asili yake. Kwa miaka mingi hospitali zetu ziliitoa siku mbili tatu za mwisho, mtu ameshazidiwa. Familia ikaona chupa, ikaona jeneza. Ni kama mtu anayeona miavuli kila mvua inyeshapo, akahitimisha kwamba miavuli ndiyo inayoleta mvua. Mofini ya kunywa ni unga uliochanganywa na maji, mchungu kweli, unaopimwa kwa bomba la sindano lisilo na ncha. Jirani zetu wa Uganda wameitumia namna hiyo majumbani tangu 1993, kwa wakulima wenye nyumba kama zetu, na dawa yenyewe ni ya bei ndogo. Inakwenda kukaa kwenye vipokezi vya maumivu, kwenye ubongo na uti wa mgongo, ujumbe wa maumivu ukipita pale unapungua sauti. Ikianzwa kwa kipimo kidogo na kupandishwa taratibu, haiharakishi kifo.

Kuhusu uteja, tofautisha mambo mawili. Mwili unaizoea, hilo ni kweli, ndiyo maana haikatishwi ghafla. Uraibu ni kingine, ni kuitamani dawa hata pasipo maumivu na kuiendea kwa gharama yoyote. Wapo wagonjwa waliopigwa mionzi ya kupunguza maumivu, maumivu yakashuka, tukawapunguzia mofini kidogo kidogo mpaka wakaiacha, na hakuna aliyekuja kugonga dirisha kuidai.

Mtu mwenye figo nzima huanza kwa miligramu 2.5 au 5 kila baada ya saa nne. Kwa saa zetu: saa kumi na mbili alfajiri, saa nne asubuhi, saa nane mchana, saa kumi na mbili jioni, kisha saa nne usiku anapewa dozi mbili kwa pamoja ili avuke ile saa nane na kuamka asubuhi. Ratiba hii nimeiandika uone inavyokaa, si kwamba uitumie. Mabaki ya mofini hutolewa na figo. Figo zikilegea yanarundikana, kwa hiyo kwa mtu kama mama daktari hupunguza kipimo na kuachanisha saa, pengine sita, pengine nane. Ndiyo maana nataka apimwe damu ya kuangalia figo kabla ya kuanza, au mara tu akianza. Dalili za kuzidiwa na mofini zijue: usingizi ambao ukimwita na kumtikisa haamki, pumzi za polepole mno, mikono inayoshtukashtuka, mboni za macho kuwa ndogo kama ncha ya sindano. Ukiziona, usimpe dozi inayofuata, piga simu kwa waliomwanzishia na mpeleke.

Siku mbili tatu za mwanzo atasinzia. Usiogope, pengine ni deni la usingizi wa wiki nyingi. Kichefuchefu kikija huisha ndani ya siku chache. Kisichoisha ni choo kigumu, hicho hubaki muda wote anaotumia dawa, kwa hiyo omba bisakodili au dawa nyingine ya choo siku hiyohiyo ya kwanza. Nimeona watu wakiacha mofini nzuri kabisa kwa sababu ya choo tu. Na kama kuna maumivu ya kuchoma au ya shoti yanayoshuka mguuni, yataje kwa namna hiyohiyo. Hayo ni ya mshipa wa fahamu uliobanwa, na yana dawa yake ya kuongezea, mara nyingi kidonge kidogo cha jioni.

Mofini hutaipata duka la dawa muhimu, ni dawa inayodhibitiwa. Anza na Maweni, hospitali ya rufaa ya mkoa. Ukiambiwa dirishani haipo, usigeuke hapo. Omba kuonana na mfamasia, muulize inaingia lini na ni hospitali gani nyingine ya mkoa inayo, na ikibidi ulizia hospitali za mashirika ya dini kama Kabanga kule Kasulu. (Msomaji wa Tabora aulizie Kitete, au Nkinga iliyoko Igunga.) Dawa hii upatikanaji wake unayumba, kwa hiyo ukishaipata, chupa ikibaki ya wiki moja anza safari ya kutafuta nyingine. Nyumbani ikae juu, mbali na watoto, na mtu mmoja tu awe anapima.

Tuje kwenye harufu. Umeandika mstari mmoja tu juu yake, lakini nadhani ndiyo inayomuumiza mama kuliko unavyojua. Mtu aliyefundishwa usafi tangu utoto, leo anajinusa mwenyewe. Harufu hiyo inatoka kwa vijidudu vinavyostawi kwenye nyama iliyokufa, pasipo na hewa, na vijidudu hivyo vina dawa ya kawaida kabisa, metronidazoli, ile wengi tunaiita Flagyl. Kwa kidonda cha ndani kama cha mama, vidonge huwekwa ukeni, na kwa kidonda cha nje husagwa na kunyunyiziwa juu. Muuguzi akuonyeshe mara ya kwanza, baada ya hapo utafanya mwenyewe, na ndani ya siku chache utaona tofauti. Msafishe kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, mbadilishe vitambaa mara nyingi, weka beseni la mkaa mkavu chini ya kitanda, dirisha lifunguliwe. Udi mwingi nisingeushauri. Najua Ujiji nyumba haikosi udi, lakini ukichanganyika na harufu ya kidonda unaleta kichefuchefu, na mgonjwa anaelewa kabisa kwa nini mmeuchoma.

Damu nayo ipange kabla haijatoka. Tenga kanga mbili tatu nyeusi au nyekundu iliyokoza, ziwe karibu na kitanda. Ikitoka nyingi, weka hizo. Damu kwenye shuka jeupe inatisha mara mbili, mgonjwa na anayemuuguza. Kuna vidonge vya kupunguza kutoka damu, na kuna mionzi ya mara moja au chache ambayo lengo lake ni kuzuia damu na maumivu, siyo kuponya. Kwa kuwa mama alishapigwa mionzi hapo, wataalamu wa mionzi pale hospitali ya Bugando, Mwanza, au taasisi ya saratani ya Ocean Road, Dar, ndio wa kusema kama nafasi ipo.

Ameacha kuswali. Mimi si shehe, lakini nimekaa vitandani mwa akina mama wengi wa Kiislamu na nimejifunza kuuliza swali hili mapema. Wengi huacha kwa kudhani hawana twahara kwa sababu ya kile kinachowatoka, kisha wanalala na hofu kwamba watakutana na Mola wao wakiwa wamevunja swala. Fiqhi ina mlango wa mwenye udhuru: anajisafisha, anajifunga kitambaa, anatia udhu wakati wa swala unapoingia, anaswali, kwa kukaa au kwa kulala, na kinachomtoka hakimharibii. Mwiteni mwalimu wa kike wa madrasa anayemheshimu aje amweleze kwa utulivu, wakiwa wawili. Daktari Cicely Saunders, aliyefungua hospitali ya St Christopher's kule London mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa wa namna hii ni ya mtu mzima: mwili, moyo, roho na jamaa zake. Niliwahi kumwona mama mmoja kipimo chake cha dawa kikashuka wiki ile aliyoanza tena kuswali. Simwekei hesabu, nasimulia nilichokiona.

Uji. Wewe unapika, unapoa, anausukuma, unalia jikoni. Saratani iliyofika mbali huubadilisha mwili ukaanza kula misuli yake wenyewe, na chakula hata kikiingia hakijengi kama zamani. Kwa hiyo mama hafi kwa sababu hali chakula, anaacha kula kwa sababu ugonjwa umefika mbali. Hilo linabadilisha kazi yako jikoni. Vijiko vitatu vya uji wa ulezi anavyovitaka yeye, au mchuzi wa samaki wa mgebuka usio na mafuta mengi, kwa saa anayoitaka, vinatosha. Usimlazimishe, anaweza kupaliwa. Dripu nayo ni maji na sukari kidogo au chumvi. Kwa aliyeharisha au kutapika sana inasaidia, lakini mtu ambaye mwili unafunga kazi inaweza kumjazia maji miguuni na mapafuni, akakoroma. Siku za mwisho lowesha midomo yake kwa kitambaa safi, hiyo kiu ya mdomo ndiyo anayoisikia.

India. Kaka yako simlaumu. Aliye mbali hana kijiko cha kushika wala shuka la kufua, kwa hiyo mapenzi yake yanatafuta jambo kubwa la kufanya, na shamba ndilo jambo kubwa alilo nalo. Lakini mwulize kule wakafanye nini. Saratani iliyorudi mahali palipopigwa mionzi, kwa upande wa kuponya, hubakiwa na upasuaji mmoja mkubwa sana wa kutoa kizazi, kibofu na wakati mwingine utumbo wa chini. Madaktari huukubali pale tu ugonjwa ulipobaki katikati. Figo kuvimba mara nyingi ni alama kwamba umeshafika ukutani mwa nyonga, na hapo kisu hakipiti. Kabla ya kuuza hata mchikichi mmoja, atume majibu na picha zote kwa bingwa wa saratani na aulize: matibabu hayo ni ya kuponya au ya kupunguza? Yatampa nini ambacho Mwanza au Dar hapawezi? Na akizidiwa huko, nani atakuwa kitandani, na mwili utarudije Ujiji? Majibu yakiwa na uzito, nendeni. Yakiwa ya kubabaisha, mmejua. Kuna mpira wa kuitoa mkojo figo iliyoziba, unawekwa ubavuni kwenye hospitali kubwa, na unaweza kurefusha siku. Lakini unarefusha na safari, na mfuko wa mkojo, na pengine miezi ya maumivu zaidi. Wapo wanaoutaka kwa sababu kuna harusi ya mtoto mwezi ujao. Wapo wasioutaka. Ni wa kuulizwa mama.

Tena hilo shamba la marehemu, mirathi ilifunguliwa? Kama hakuna msimamizi aliyeteuliwa na mahakama, kaka hana mamlaka ya kuliuza, na mama mwenyewe ni mrithi mwenye fungu lake.

Mganga nitasema kifupi. Mwaka 2011 nusu ya nchi ilipanga foleni Samunge, Loliondo, kwa kikombe cha shilingi 500, wasomi na wasiosoma, kwa hiyo sitamcheka mama mkubwa. Kisomo, dua, maji ya dua, sina neno. Mizizi ya kunywa isiyojulikana, hapana, figo hazitaihimili. Na asichanjwe wala kuwekewa kitu sehemu yenye kidonda.

Nimefika kwenye swali lako la mwisho, tumrudishe au tumwache. Umeniuliza mimi, kaka ana jibu lake, mama mkubwa ana lake. Tumekulia kwenye methali ya mgonjwa haulizwi uji, na kwa mtoto mwenye homa ya siku mbili ni sawa, mpikie. Mama yako ni mtu mzima aliyewalea, aliyezika mume, na nakuhakikishia ameshaona: amerudishwa bila tarehe ya kurudi kliniki, mnanong'ona barazani. Mkimficha, naye atawaficha ninyi kwamba anajua, na mtakaa hivyo, kila mmoja akimlinda mwenzake, mpaka nafasi ya kusemeshana ipite.

Hutakiwi kumwaga habari yote siku moja. Chagua asubuhi ambayo amelala vizuri, dawa imeshafanya kazi, mko wawili. Anza kwa kumuuliza: "Mama, wewe mwenyewe unaonaje huu ugonjwa?" Kisha nyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi ngumu. Halafu: "Ungependa kuelezwa kila kitu, au nizungumze mimi na madaktari?" Akisema hataki kujua, hiyo ni haki yake, mfungulie mlango siku nyingine. Akisema anataka, mwambie kweli kwa maneno mepesi: dawa ya kuuondoa hatuna, dawa ya maumivu tunayo, na hatutakuacha. Ndipo muulize ya kwake. Akizidiwa anataka kubaki chumbani mwake au kupelekwa Maweni? Nani asimamie? Nani angependa kumwona? Ana deni, ana amana ya mtu? Akitaka kuandika wasia, RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, wanapokea na kutunza, na kwa sheria ya Kiislamu wasia hauzidi theluthi wala hauhusu warithi. Mama mmoja kule Kigoma, nilipomuuliza anachotaka, alisema anataka kusukwa. Miezi mitatu hakuna aliyemgusa kichwa kwa kuogopa kumuumiza.

Kubaki nyumbani hakumaanishi hospitali imefungwa. Mpelekeni, hata usiku, ikiwa damu inalowesha kanga baada ya kanga, ikiwa hajakojoa nusu siku na tumbo la chini limejaa, ikiwa ana homa na kutetemeka, anatapika kila dawa, ameanza kuweweseka ghafla, mguu mmoja umevimba na kuuma kwa siku moja, au maumivu yamekataa kushuka hata kwa dozi zilizopangwa. Miguu ikilegea ghafla au kufa ganzi, msingoje asubuhi, uti wa mgongo unaweza kuwa unabanwa na ni suala la saa. Kwa upande mwingine, mikono kupoa, kusinzia kutwa, pumzi kukatika na kurudi, koo kukoroma, hizo ukiziona kwa mgonjwa aliyeshuka taratibu ni safari yenyewe. Mlaze ubavu, mshike mkono, dawa ya maumivu isiachwe. Kama mama alichagua chumba chake, hapo ndipo msipakie bajaji.

Na wewe. Asiyelala hawezi kupima mofini bila kukosea, kwa hiyo usingizi wako ni sehemu ya matibabu ya mama. Mpe kaka jambo dogo lililo kubwa: aje wiki moja alale yeye chumbani humo. Akirudi Dar, pesa aliyokuwa ameiwazia India atume kidogo tu, ya godoro zuri, ya bajaji, ya dada wa kulala na mama usiku wa Ijumaa na Jumamosi. Mama mkubwa ashike zamu ya mchana. Mgeuzeni ubavu kila baada ya saa mbili, asipate vidonda vya mgongo. Mhudumu wa afya wa mtaa wenu ajue kuna mgonjwa ndani, na hospitali muulize afisa ustawi wa jamii kuhusu msamaha wa gharama. Hapewi asiyeomba.

Jumatatu nenda Maweni asubuhi na mapema, hata bila mama kama safari itamtesa, uulize kwanza nani anahusika na tiba shufaa. Beba karatasi ya ruhusa ya ile hospitali, majibu yote, na dawa zote mlizonazo ndani ya mfuko mmoja, na diklofenaki pia, waione. Kuanzia leo usiku weka daftari: saa aliyopewa dawa, saa maumivu yaliyorudi, makali yake kwa vidole, kimoja mpaka vitano, anyooshe mwenyewe. Kurasa nne tano za hivyo zitamweleza daktari mengi. Na Jumapili usiku mtu mwingine alale na mama, wewe ulale chumba cha pili na mlango uufunge.